Kama ardhi haivuti, kwa nini jiwe linaanguka?

WIKI chache zilizopita, baada ya swala ya Isha katika msikiti mmoja hapa Singida mjini, kijana wa kidato cha tano alinifuata barazani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia kuwa anasoma mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, lakini ameamua kuhama akasome HKL. Nilipomuuliza sababu, akatoa simu. Alikuwa ametumiwa kipande cha video ambamo msemaji mmoja, kwa sauti ya kujiamini kabisa, anadai kuwa wanasayansi wenyewe wamekiri kwamba hakuna nguvu ya uvutano. Na kama wametudanganya hilo kwa miaka 300, anaendelea msemaji, basi wametudanganya hata kuwa dunia ni mviringo.

Kijana alimuuliza mwalimu wake, akajibiwa kuwa jambo hilo halimo kwenye mtihani. Ndipo akaja kwangu. "Ustadhi, kama ardhi haivuti, kwa nini jiwe linaanguka?"

Swali hili ni zito na linastahiki jibu, si karipio. Isitoshe, yule msemaji wa kwenye video hakuongopa yote. Alichukua nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mtupu kwa sababu ina mlango wa kuingilia.

Nusu hiyo ni hii. Mwaka 1687 Isaac Newton, Mwingereza, alichapisha kitabu kilichoonesha kuwa kinachoangusha tunda na kinachouzungusha mwezi ni kitu kimoja: kila kitu kinavuta kingine, na mvuto hupungua kwa kadiri ya umbali. Hesabu zake zilikuwa sahihi mno. Lakini Newton mwenyewe hakuridhika. Katika barua zake alikiri kuwa haingii akilini kitu kuvuta kingine kwenye uwazi mtupu, bila kugusana na bila ya chochote katikati. Alijua kiasi cha uvutano, hakujua uvutano ni nini. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein akiwa Berlin alitoa jibu jingine: hakuna kamba inayovuta. Vitu vizito huupinda uwanja wenyewe ambamo vitu vyote hupita, nao uwanja huo si anga peke yake bali ni anga pamoja na wakati.

Maneno hayo husemwa haraka na kueleweka polepole. Tuanze na chupa ya maji.

Msomaji achukue chupa ya plastiki, aitoboe tundu dogo karibu na kitako, aijaze maji na kuiacha bila kifuniko. Maji yatachuruzika. Sasa apande juu ya mojawapo ya yale majabali yetu ya Singida, aiachie chupa ianguke, na mwenzake aangalie kwa makini. Wakati wote chupa inapoanguka, maji hayatoki! Tundu liko pale pale na maji yapo, lakini hakuna kinachoyasukuma nje. Kwa maji yaliyomo ndani ya chupa inayoanguka, uzito umetoweka.

Einstein aliliona jambo hili mwaka 1907 alipokuwa bado mfanyakazi wa ofisi ya hataza mjini Bern, na baadaye alilitaja kuwa wazo la furaha kuliko yote maishani mwake. Mtu anayeanguka hausikii uzito wake. Sisi tuliokaa barazani ndio tunaousikia, kwa sababu sakafu inatuzuia. Tunachokiita uzito ni msukumo wa sakafu kutoka chini, na hakuna mtu aliyewahi kuhisi kitu kinachomvuta.

Kuna jingine. Tukiondoa kizuizi cha hewa, jabali na kokoto huanguka sawasawa. Kama ni mvuto, je, ardhi inajuaje kulivuta jabali kwa nguvu kubwa zaidi, tena kwa kipimo kisichokosea hata kidogo, ili lisichelewe nyuma ya kokoto? Newton alilikubali jambo hili bila ya kueleza sababu. Lakini kama ni suala la njia, fumbo linaisha. Kwenye mteremko wa Sekenke, lori la alizeti na baiskeli hufuata kona ile ile kwa kuwa kona ni ya barabara, si ya chombo kinachopita.

Hapa kijana alinikatiza, na alikuwa na haki. "Njia ya jiwe lililorushwa tunaiona imepinda. Vipi tuseme linakwenda moja kwa moja?"

Waislamu tunalo jibu la karibu, nalo ni Qibla. Kutoka Singida jambo ni rahisi. Makka iko kaskazini yetu, ikiegemea mashariki kwa takriban digrii 10 tu. Lakini ndugu zetu walioko New York wanaelekea wapi? Mji wao uko kaskazini zaidi kuliko Makka, na ukitazama ramani ya ukutani utadhani wanapaswa kuelekea kusini-mashariki. Kumbe wengi wao huelekea kaskazini-mashariki, na suala hili limezua mijadala mirefu huko Marekani. Chukua tufe la dunia na uzi, uvute uzi kutoka New York hadi Makka mpaka ukaze. Utaona uzi unaanza kwa kuelekea kaskazini-mashariki. Huo ndio mstari ulionyooka kuliko yote juu ya uso wa tufe, lakini ukiuhamishia kwenye karatasi bapa unaonekana umepinda kama upinde. Uzi haukupindwa na mtu. Karatasi ndiyo isiyoweza kuonesha umbo la dunia. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alitumia hesabu za tufe kutafuta Qibla ya mji wa Ghazna. Hakuwa na habari za Einstein, lakini tatizo la mstari mnyoofu kwenye uso uliopinda alilifahamu barabara.

Sasa tusogee hatua moja. Madereva wawili wanaanza safari kwenye mstari wa Ikweta, mmoja Nanyuki nchini Kenya na mwingine Kayabwe nchini Uganda. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 500. Wote wanaelekea kaskazini kamili bila kukata usukani hata kidogo (tuwape magari yanayopita jangwani na baharini). Mwanzoni njia zao ziko sambamba. Watakapofika digrii 60 za kaskazini, umbali kati yao utakuwa umebaki nusu, na kwenye ncha ya dunia watagongana. Mtu anayeamini kuwa dunia ni bapa atasema kuna nguvu ya siri inayowavuta. Hakuna, ni umbo la mahali wanapopita.

Badala ya madereva, weka mawe mawili yanayodondoshwa wakati mmoja, moja Singida na jingine Manyoni. Kila moja linaelekea kitovu cha dunia, hivyo njia zao si sambamba bali zimeinamiana kwa karibu digrii moja, na kama ardhi isingeyazuia yangezidi kukaribiana. Hayo ni yale yale ya Nanyuki na Kayabwe. Na tuseme wazi kuwa hoja hii yote inasimama juu ya dunia mviringo. Msemaji wa kwenye video ameshika kisu kwenye makali.

Inabaki sehemu ngumu. Vitabu vingi na filamu nyingi hueleza mpindo huu kwa shuka iliyotandazwa na mpira mzito katikati, kisha gololi zikauzunguka. Mimi mfano huo siupendi. Gololi huteremka kwenye shuka kwa sababu ya uvutano ulio chini ya shuka, kwa hiyo unaeleza uvutano kwa uvutano! Kibaya zaidi, unausahau wakati, na kwa jiwe linalodondoka wakati ndio wenye sehemu kubwa.

Aliyekaa kitako naye anasafiri: anatoka Alhamisi anakwenda Ijumaa. Jiwe uliloshika mkononi halina mwendo katika anga, lakini liko mbioni katika wakati. Na wakati hauendi sawa kila mahali, kwani karibu na ardhi saa hutembea polepole kidogo kuliko juu. Singida iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na saa yetu huizidi ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, kwa mwaka mzima. Kilele cha Kilimanjaro hupata kama 20. Ukiliachia jiwe, linafuata njia nyoofu katika anga na wakati, na kwa kuwa wakati umeinama kuelekea ardhini, njia hiyo nayo huishia ardhini.

Mpindo huo ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kokoto iliyorushwa juu na kurudi baada ya sekunde moja hupanda mita 1.2 tu. Lakini katika hesabu hizi sekunde moja ya wakati hulingana na mwendo wa mwanga kwa sekunde moja, yaani kilomita 300,000. Mstari wa kilomita 300,000 uliobenuka kwa mita 1.2, nani atauita umepinda?

Je, hayo yalithibitishwa vipi? Ndipo nilipomweleza kijana habari ambayo hakuwahi kuisikia, nayo inaihusu nchi yetu. Einstein alisema kuwa mwanga wa nyota unaopita kando ya jua utapinda kwa sekunde 1.75 za digrii, yaani mara mbili ya kile kilichopatikana kwa hesabu za Newton. Kipimo hicho ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 ukiitazama kutoka karibu kilomita 3. Nyota za kando ya jua hazionekani mchana isipokuwa jua linapopatwa kikamilifu. Siku ya Alhamisi, tarehe 29 Mei 1919, kivuli cha mwezi kilianzia Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikapita kisiwa cha Principe, kikakata Kongo, kikavuka Ziwa Tanganyika na kusini mwa nchi yetu kuelekea Msumbiji, huku jua likielekea kuzama. Wazee wa kusini waliona mchana ukigeuka usiku wiki chache tu kabla ya mkataba wa Versailles kuinyang'anya rasmi Ujerumani koloni hili. Kwa hesabu ya kalenda zilikuwa siku za mwisho za Shaabani 1337. Mwezi ule ule uliolifunika jua ndio uliokuja kuandama kuwa hilali ya Ramadhani.

Waingereza walikuwa wamepeleka vikosi viwili vya wanajimu, kimoja Sobral nchini Brazil na kingine Principe chini ya Arthur Eddington. Principe mawingu yalitanda, picha nyingi zikaharibika. Hata hivyo zilizopona zilitoa sekunde 1.61, na za Sobral 1.98, kila moja ikiwa na kiasi chake cha makosa. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919. Vipimo vya baadaye vya mawimbi ya redio vimekubaliana na hesabu ya Einstein kwa usahihi mkubwa zaidi.

Afrika Mashariki iliingia tena katika habari hii tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, iliporushwa setilaiti ya Marekani kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Setilaiti hiyo ndiyo iliyokichunguza kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho kilikuja kukubalika kuwa shimo jeusi, mahali ambapo mpindo umezidi hata mwanga hautoki.

Na simu iliyoleta ile video? Setilaiti zinazoiwezesha kujua ilipo ziko kilomita 20,000 juu, na saa zake zingekwenda mbele kwa sehemu 38 za sekunde iliyogawanywa mara milioni kila siku kama mpindo wa wakati na mwendo wake visingehesabiwa. Kosa lingejikusanya kilomita 11 kwa siku. Kwa Qibla ya Singida kosa hilo si kitu, kwani Makka iko karibu kilomita 3,000. Lakini kwa mpima viwanja ni kesi mahakamani.

Wapo watakaosoma haya na kukimbilia kutafuta aya ya kuonesha kuwa Einstein aliiba kwetu. Naomba tusifanye hivyo. Qur'an haihitaji muhuri wa Berlin, na ikiwa kesho hesabu hizi zitaongezwa nyingine, tutakuwa tumeifunga aya kwenye gari la mwenzetu. Mafunzo tuliyonayo yanatosha. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume aliyakanusha maneno hayo, ingawa yalikuwa ya kumtukuza, akafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, kisha akaamrisha swala.

Kijana alibakiwa na hoja moja: kama Newton amepinduliwa, si Einstein naye atapinduliwa? Huenda. Wenyewe wanafizikia wanajua kuwa hesabu za Einstein hazijaoana na zile za chembe ndogo kabisa. Lakini Newton hakutupwa. Mhandisi wa daraja bado anamtumia, na ukizichukua hesabu za Einstein mahali penye mpindo mdogo unazipata za Newton zilezile.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ipo siku jua litapatwa tena kikamilifu. Nikamwambia Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, mchana, na kivuli kitapita Makka yenyewe. Akauliza kama mtu mwenye kamera nzuri akiwa pale anaweza kuzipima zile nyota. Nikamwambia anaweza, ila atahitaji picha nyingine za nyota hizo hizo zilizopigwa usiku, miezi kadhaa kabla au baada, ili azilinganishe. Akaomba kalamu.