Nani Anakunywa Baada Yako?
Somo: Ezekieli 34:18

Hapa Lodwar nililima sukuma kando ya mto Turkwel, nikamwaga mbolea ya dukani bila kipimo. Mvua ikaja, ikaisomba yote mtoni. Mimi nililia pesa zangu tu, mpaka neno hili liliponishika: nimekunywa maji safi, nikawachafulia wengine.

Turkwel huingia Ziwa Turkana, na ziwa hilo halina mto wa kutolea maji. Mbolea ikizidi majini, mwani humea. Ukioza, humaliza hewa na samaki hufa.

Sasa natumia samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, naichanganya na udongo, na ukingoni naacha nyasi. Ndugu wa Kakuma, samadi mnayo bomani, isiishie Tarach. Jirani yako ni pamoja na yule wa chini ya mto. Amina.