Vipele vya Uso Visivyoisha kwa Mtoto: Mzazi, Fahamu Haya

Mtoto wa miaka 3 au 4 akitokwa na vipele vyekundu mashavuni, kando ya pua na kidevuni, wengi hudhani ni chunusi na kumnunulia krimu dukani. Lakini chunusi kwa kawaida huja mtoto anapokaribia kubalehe, na mara nyingi huwa na usaha. Vipele vigumu visivyo na usaha, vinavyoongezeka mwaka hadi mwaka, huenda vikawa uvimbe mdogo wa kurithi. Si saratani, haviambukizi, wala si laana.

Ugonjwa mmoja unaovileta huitwa tuberasi sklerosisi. Hutokana na hitilafu katika jeni. Mzazi aliye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Hata hivyo, takriban theluthi mbili ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia zao, kwa hivyo baba na mama wasilaumiane.

Vipele vyenyewe havina hatari kubwa. Hatari ni kwamba uvimbe kama huo unaweza kuota kwenye ubongo, moyo na figo. Chunguza:

• Je, ana mabaka meupe mwilini, pengine tangu kuzaliwa?
• Je, hupatwa na kifafa? Kwa mtoto mchanga, huenda ikawa kushtuka kwa mfululizo, hasa anapoamka.
• Je, anachelewa kuzungumza au kujifunza?

Ukiona vipele pamoja na mojawapo ya dalili hizi, iwe unaishi Maua, Mikinduri, Siakago au Runyenjes, anzia zahanati iliyo karibu na uombe rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru au ya Embu. Mtoto anayeshtuka kwa mfululizo apelekwe siku hiyo hiyo. Daktari atakagua ngozi, atapima shinikizo la damu, na huenda akaagiza picha za ubongo, moyo na figo. Wazazi na ndugu zake nao wakaguliwe.

Hakuna dawa ya kuondoa ugonjwa wenyewe, lakini kifafa hutibiwa na figo hufuatiliwa maisha yote. Vipele hupunguzwa kwa mwale wa leza au kwa dawa ya kupaka ya sirolimasi, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2022 kwa wenye miaka 6 na zaidi. Vinaweza kurudi matibabu yakikoma.

Usivikwangue, usivichome, wala usipake krimu za kuchubua ngozi. Mvalishe mtoto kofia juani. Na usimfiche nyumbani: mpeleke shule kama wenzake.