Kompyuta Katika Ofisi za Serikali: Nani Huongezewa Nguvu?

Mwanafunzi asikiapo neno kompyuta hufikiria umeme, programu na hesabu zinazofanywa kwa kasi. Ni mara chache amfikiriapo karani wa mapato, au meya anayetaka kujua fedha za jiji zimekwenda wapi. Hata hivyo wapo wataalamu waliotumia maisha yao kuwachunguza watu hao, na mmoja wao ni Rob Kling wa Marekani.

Kling alizaliwa mwaka 1944, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1971. Fani yake ya kwanza ilikuwa akili bandia, yaani jitihada ya kuiwezesha mashine kutenda mambo ambayo kwa kawaida huhitaji akili ya binadamu. Mwaka 1973 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha California mjini Irvine. Huko aliongeza swali jipya katika kazi yake: kompyuta iwekwapo ofisini, ni nani afaidikaye?

Wakati huo serikali za miji ya Marekani zilikuwa zikinunua kompyuta kwa wingi, kwa ajili ya kodi, mishahara na kumbukumbu za polisi. Kling aliungana na Kenneth Kraemer, William Dutton na James Danziger, nao wakaichunguza kwa kina miji 42. Mwalimu awaulize wanafunzi: kwa nini miji mingi kiasi hicho? Jibu ni lile lile la maabara. Ukiuchunguza mji mmoja tu huwezi kutenganisha athari ya mashine na siasa za mji wenyewe. Ukiilinganisha miji mingi yenye mashine za namna moja lakini tawala mbalimbali, tofauti huanza kujitokeza.

Watafiti hao walipima dhana nne. Ya kwanza ni kwamba kompyuta huwapa nguvu mameneja, kwa kuwa hupata takwimu bora za kuamulia. Ya pili, huwapa nguvu mafundi wanaoielewa. Ya tatu, husambaza nguvu kwa makundi mengi. Ya nne, humwongezea nguvu yule ambaye tayari anazo. Kitabu chao, kilichotolewa mwaka 1982, kiliona kuwa dhana ya nne ndiyo iliyoafikiana zaidi na ushahidi. Palipokuwa na meya mwenye nguvu, kompyuta ilielekea kumtumikia meya. Palipotawaliwa na meneja wa jiji, ilielekea kumtumikia meneja. Kwa maoni yetu, tokeo hili lingepaswa kusomwa na kila anayedhani kwamba mashine haina upande.

Mfano mwingine Kling aliuchapisha mwaka 1978. Katika jiji alilolipa jina la kubuni la Riverville, idara za ustawi wa jamii ziliwekewa mfumo wa kompyuta wa kufuatilia watu waliohitaji msaada. Ilitarajiwa kwamba mfumo huo ungeziunganisha huduma ili mhitaji asizungushwe ofisi hadi ofisi. Kling alikuta kwamba watumishi waliokutana na wahitaji walipata manufaa madogo tu. Faida kubwa ilikuwa kwa viongozi: walionekana mbele ya wafadhili wa serikali kuu kuwa watu wenye utaratibu mzuri. Kwa fundi, mfumo ule haukuwa umeharibika. Ulifanya kazi, ila kwa ajili ya mtu mwingine.

Mwaka 1996 Kling alihamia Chuo Kikuu cha Indiana, akaendelea kuijenga taaluma ihusuyo kompyuta na jamii hadi alipofariki mwaka 2003. Anayetaka kuifuata njia hiyo atahitaji hisabati na programu, lakini pia historia, uraia, na ustahimilivu wa kukaa na watu wasiopenda kuulizwa.

Zoezi: Chukueni daftari la mahudhurio la darasa lenu. Andikeni ni nani hulijaza, ni nani hulisoma, na ni uamuzi gani hutolewa kutokana nalo. Kisha chukulieni kwamba daftari hilo limehamishiwa katika kompyuta iliyomo ofisini mwa mkuu wa shule. Ni nani sasa atajua asichokijua kwanza? Ni nani atakuwa na kazi zaidi pasipo faida? Linganisheni majibu yenu na ya shule nyingine mbili, msitegemee shule moja.