Kofia ya jino: mbona inasagwa tena?

Jino lilishang'olewa, skrubu ya titaniamu ikapandikizwa tayani, ukasubiri miezi mitatu hadi sita mfupa uishike. Leo unavishwa kofia ya kauri. Maswali haya hayakosekani Arusha.

Kofia ni mpya, inasagwa ya nini?
Fundi wa maabara aliitengeneza juu ya nakala ya plasta ya kinywa chako, na plasta si kinywa. Tangu chapa ya kinywa ichukuliwe, huenda meno ya jirani yamesogea. Kwa hiyo ubavu wa kofia hukaguliwa kwanza: kofia ikibana haishuki hadi chini, ikipwaya, makande ya jioni hiyo hiyo yatakwambia. Uzi wa meno upite kwa kubanwa kidogo. Palipobana hubaki alama ya karatasi ya rangi, na fundi huondoa hapo tu, maana kauri iliyosagwa hairudi bila tanuru. Kisha hung'arisha, maana kauri yenye mikwaruzo hulila jino linalokutana nayo.

Nimeambiwa nitazoea. Kweli?
Msukumo wa ubavuni, dakika chache, sawa. Kofia kuwa ndefu, hapana. Jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazobonyea unapotafuna. Kipandikizi kimegandana na mfupa, hakibonyei. Ndiyo maana hupunguziwa mzigo: ukiuma polepole karatasi nyembamba ichomoke, ukikaza ishikwe. Iliyozidi urefu hulegeza skrubu au hupasuka. Sema kabla hujainuka kitini.

Meno yangu ni ya kahawia. Kofia iwe nyeupe?
Hapa ndipo fundi wa Arusha anapotoka jasho. Miamba ya volkano ya Meru huyapa maji floraidi nyingi. Chemchemi kadhaa hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Aliyekulia kata ya Maji ya Chai huenda ana mabaka yaliyoingia meno yakiumbwa utotoni, na kuhamia Dar hakuyafuti. Kibao cha rangi cha kiwandani hakina mabaka hayo. Fundi makini hukuita umkalie karibu na dirisha, mchana, meno yakiwa na mate (yakikauka hudanganya, huonekana meupe zaidi), kisha hupaka baka kwa brashi na kulichoma. Kofia nyeupe pee katikati ya meno ya kahawia huonekana toka ng'ambo ya barabara. Ukitaka kuyafanya meno meupe kwa dawa, anza nayo, ungoje kama wiki mbili ndipo rangi ichaguliwe. Dawa hiyo haibadilishi rangi ya kauri.

Maji yetu yatachafua kofia?
Floraidi, hapana. Chai na tumbaku huacha doa la juu, hasa pasipong'arishwa vizuri.