Ulikuwa mgonjwa, mdogo wangu

Wadogo zangu, leo nina ujumbe wa binti anayetumia fluoksetini kwa ajili ya sonona. Wiki za mwanzo hakuona kitu. Baadaye usingizi ukarudi, hamu ya kula ikarudi, akaanza tena kusuka nywele na kwenda kazini. Kisha wifi yake akamtumia habari kwenye simu kwamba dawa za sonona hazina tofauti na vidonge vya sukari. Sasa amezitupia kabatini, na ananiuliza: "Dada, ina maana sikuwa mgonjwa?"

Ulikuwa mgonjwa, mdogo wangu. Hilo lisikusumbue hata dakika moja.

Habari ya wifi ina chanzo chake. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Irving Kirsch na wenzake walichambua majaribio ya dawa hizi yaliyowasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Wengine walipewa dawa, wengine plasibo, yaani kidonge kinachofanana na dawa ila ndani hakina dawa, na mgonjwa hajui kapata kipi. Waliopewa plasibo nao walipata nafuu kubwa. Dawa iliwazidi kidogo tu, ila kwa wale waliozidiwa sana na ugonjwa tofauti iliongezeka. Hicho kipande cha mwisho hakikufika kwenye simu yako. Wala hukutumiwa kazi ya mwaka 2018 ya Andrea Cipriani na wenzake: majaribio 522, watu zaidi ya 116,000, dawa 21, na zote zilishinda plasibo. Hazikushinda kwa mbali, sikufichi, lakini zilishinda.

Na hao waliopata nafuu kwa kidonge kitupu, tusiwaite waongo. Mwaka 2002 Andrew Leuchter na wenzake kule Los Angeles walipima umeme wa ubongo wa wagonjwa wa sonona. Waliopata nafuu kwa plasibo walionekana na mabadiliko sehemu ya mbele ya ubongo, tena tofauti na ya waliosaidiwa na dawa. Halafu fikiria kinachofanyika kwenye majaribio hayo: kila ukienda, mtu anakaa na wewe, anakuuliza umelalaje, unakula, unalia mara ngapi, na anangoja jibu. Wangapi kati yetu tumewahi kuulizwa hivyo?

Kuna kisa cha Baltimore nakipenda mno. Mwaka 1965 madaktari Lee Park na Lino Covi waliwapa wagonjwa 15 wenye wasiwasi mwingi vidonge vya sukari, wakawaambia wazi kwamba ni sukari, wameze mara tatu kwa siku kwa wiki moja. Mmoja hakuendelea, karibu wote waliobaki walipata nafuu. Wengine hata walishikilia kwamba daktari anawaficha, ndani lazima kuna dawa! Lilikuwa jaribio dogo, bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiende kujitibu kwa sukari. Lakini linanipa ujasiri wa kusema hivi: daktari anayempa mgonjwa wa akili plasibo kwa siri anakosea. Mtu huyo tayari anajishuku mwenyewe. Siku akigundua, atamwamini nani tena?

Sasa wewe. Fluoksetini na wenzake hawakatizwi ghafla: unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira zisizo na sababu, au ugonjwa wenyewe kurudi. Kesho nenda kliniki ulikoandikiwa, sema bila aibu siku ngapi hujameza, na usijirudishie dozi mwenyewe kabla hawajakuelekeza. Waulize dawa utatumia hadi lini, na siku ya kuacha itapunguzwaje. Uliza pia kama wana mshauri wa kuzungumza naye, maana kidonge peke yake si tiba yote. Yakikujia mawazo ya kufa, usingoje kesho; mwamshe mtu wa nyumbani usiku huohuo akupeleke hospitali.

Wifi mwambie akusindikize kliniki. Maswali yake ni mazuri, na daktari ndiye wa kuyajibu.