Mchungaji anasema dawa ni kukosa imani

*Naishi mkoani Njombe, nina watoto watatu. Kifungua mimba wangu ana miaka minane na ana selimundu. Tangu mwaka jana tunasali kanisa jipya na mchungaji amemwombea mara nyingi. Mwezi uliopita alinisema mbele ya akina mama wenzangu, kwamba mtoto haponi kwa sababu mkono mmoja nimemshika Yesu na mwingine nimeshika kopo la dawa. Baba watoto amekubaliana naye: dawa tuache siku 40, mtoto afunge nasi hadi saa tisa alasiri, na kila Ijumaa tumpeleke mkesha. Sadaka ya mbegu tumeshatoa, ilikuwa hela ya mbolea. Kuna mama alishuhudia kanisani kuwa wa kwake alipona alipoacha dawa. Mama mkwe anasema ugonjwa huu umetoka ukoo wa kwetu. Juzi mtoto kaniuliza, "Mama, Mungu amenikasirikia?" Naogopa kumkosea Mungu, na naogopa kumzika mwanangu. Nifanye nini?*

*Mama K., Njombe*

Mwanangu, mengine yote yanaweza kusubiri, la dawa haliwezi. Usiziache. Kama mmeshaziacha, mpeleke kliniki kesho asubuhi na umwambie muuguzi ukweli ni siku ngapi hakunywa. Akigomba, mwache agombe, amalize, akupe dawa.

Na mtoto wa selimundu hafungi. Mwili wake ukipungukiwa maji, chembe nyekundu za damu hujipinda, hunasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo ndipo anapoanza kulia mifupa. Baridi nayo humletea hayohayo, na baridi ya Njombe ya Juni na Julai, saa nane za usiku, mnaijua ninyi kuliko mimi. Kwa hiyo angalia ulichoagizwa: kuacha dawa, kufunga, kukesha. Kila kimoja kinamsogeza mtoto kwenye maumivu. Akishaumwa utaambiwa imani yako imepungua tena.

Sasa imani. Mimi naomba kila siku na naamini Mungu anasikia, kwa hiyo sikuambii uache kuomba. Ninachokataa ni hii hesabu ya mchungaji wako, kwamba uponyaji una bei, na wewe fedha yako haijatosha. Fungua Marko sura ya 2. Yule aliyepooza aliletwa na watu wanne, wakatoboa paa, wakamteremsha. Imani ambayo Yesu aliiona ni ya hao waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hatusomi kwamba aliulizwa anaamini kiasi gani. Katika sura ya 9 yupo baba aliyekiri waziwazi kwamba imani yake ina upungufu, na mwanawe akaponywa hivyohivyo. Wewe unayeogopa kumkosea Mungu hata katika hili, nani amekuambia huna imani?

Tena soma Isaya 38. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Nabii yuleyule aliyemletea jibu ndiye aliyeagiza jipu lake libandikwe tini. Ombi limejibiwa, na dawa imewekwa, katika sura moja! Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Mwenzake Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini mwake, hakuondolewa. Sijui mchungaji wako angemwambia nini Paulo mbele ya akina mama.

Kuhusu ule ushuhuda, simwiti yule mama mwongo. Selimundu huja na kutulia. Mtoto anaweza kukaa miezi bila kuumwa, mzazi akaona amepona kabisa, akasimama kanisani kwa moyo mweupe. Lakini Yesu alipowaponya wakoma aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, maana kwa torati wao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua na kuthibitisha. Kwa selimundu kipimo cha damu kipo. Aliyepona hapungukiwi na kitu akipimwa, na dawa ziachishwe na daktari aliyeona majibu.

Mama mkwe naye ajibiwe kwa adabu, ila ajibiwe. Ugonjwa huu mtoto huupata akirithi vinasaba kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wabebaji wazima wa afya, wasijue chochote, na kila mimba ikawa na uwezekano wa mmoja kwa wanne wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole. Hao wadogo zake wawili, kama hawajapimwa, wapimwe.

Baba watoto nadhani ana hofu kama yako, ila yeye amepata mtu wa kumwambia la kufanya. Usishindane naye kwa mistari ya Biblia usiku. Mwombe aende kliniki na wewe, amuulize daktari maswali yake yote mwenyewe. Kama yupo baba mdogo au mzee wa kanisa lenu la zamani anayemsikiliza, mtangulize huyo. Akikataa kabisa na kuzificha dawa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya matibabu, na mzazi hana ruhusa ya kumnyima kwa sababu ya dini. Najua hatua hiyo ni nzito katika ndoa. Ichukue hata hivyo.

Hela ya mbolea sidhani kama itarudi, msiongeze nyingine.

Mtoto mjibu leo, usimkwepe. Mwambie hapana, Mungu hajakukasirikia. Msomee Yohana 9, pale wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, na Yesu akakataa kumtia hatiani yeye wala wazazi wake. Mwache aombe kwa maneno yake, hata akilalamika.

Ijumaa, ukitaka kukesha, nenda. Mtoto abaki nyumbani na mtu mzima, avae soksi na sweta, maji ya kunywa yawe karibu. Akipata homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, akihema kwa shida, akipauka ghafla, au tumbo likivimba upande wa kushoto, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mwachie huyo anayebaki naye nauli ya bodaboda na namba ya simu ya dereva.