Kisima Chetu Baada ya Mafuriko

Mei 2024 mafuriko ya Mto Tana yalifunika kisima chetu. Maji yalipopungua, nyanya alimimina kifuniko kimoja cha jiki, akasema, "Haya wajukuu, kunyweni." Kumbe wapi! Siku ya tatu ndugu yangu mdogo alikuwa akiendesha hata hawezi kusimama.

Basi nikashika kalamu. Tulikwisha kuteka maji machafu na matope yote, tukasugua kuta, kisima kikajaa upya. Upana mita 1, kina cha maji mita 3: 3.14 × 0.5 × 0.5 × 3 ni kama lita 2,360. Kila lita yataka miligramu 50 za klorini, jumla gramu 118. Jiki yetu, isiyo na manukato, ilikuwa ya asilimia 3.5, yaani gramu 35 kwa lita. Gawanya: lita 3.4. Jamani, kifuniko kimoja kingefaa nini?

Tuliichanganya kwenye ndoo, tukamimina, tukaacha usiku kucha. Kesho yake tukateka na kumwaga hadi harufu ikaisha. Hapo ndipo sampuli huchukuliwa, kwa chupa iliyotakaswa, ikawekwa penye barafu. Klorini ikibaki, majibu hudanganya. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli hata mmoja katika mililita 100.

Majibu yetu: wapo! Choo chetu kiko hatua kumi na mbili tu kutoka kisimani, tena upande wa juu. Twachemsha maji mpaka leo, na baba anachimba choo kingine, mita 30 na zaidi.